Hapa Ndipo Mlipocheka

"Hapa ndipo mlipocheka."

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyesema hivyo, Jumapili moja jioni, sebuleni kwangu Tabata. Akanyanyuka akaenda kuosha vyombo. Hakuna aliyemtuma. Vyombo vyenyewe vilikuwa vikombe viwili na sahani moja iliyokuwa na mihogo.

Kwenye runinga, Malkia Mwovu alikuwa amekwisha kumng'oa moyo yule mwindaji. Ameushika mkononi unawaka kama kaa, na anawaamuru askari wake wampeleke kijana chumbani kwake. Chumbani kwa kulala. Tulikuwa tunairudia ile tamthilia ya Marekani, Once Upon a Time, tangu mwanzo, mimi na yeye, sehemu mbili tatu kila anapokuja kunisalimia, na tulikuwa tumefika sehemu ya 7 ya msimu wa kwanza.

Nilisimamisha picha nikamsubiri. Aliporudi alianza habari za foleni ya Buguruni. Akakaa, akasema, "Endelea, dada." Nikaendelea.

Hii ni wiki ya tano, na lile neno lake limenikwama kooni kama mwiba wa dagaa: mdogo, hauui, lakini kila ukimeza unaukumbuka.

## Ngamiani, mwaka 2013

Alisema kweli. Tulicheka.

Ilikuwa likizo, kwa shangazi yetu Ngamiani, Tanga. Binamu yetu mkubwa alikuwa amekwenda kurushiwa msimu mzima kwenye flashi, na sisi tumejazana sebuleni, wakubwa kwenye makochi, watoto mkekani. Marekani sehemu ile ilirushwa tarehe 11 Desemba 2011. Kwetu ilifika ilipofika, na hakuna aliyejali.

Hadithi mnaijua. Malkia anamtuma mwindaji amuue Snow White amletee moyo wake. Amemchagua kwa sababu ni mtu aliyelelewa na mbwamwitu, asiyewaonea watu huruma. Kumbe anayo. Anaisoma barua ambayo binti ameiandika kwa mama yake wa kambo, barua ya kusamehe, na mkono unamlegea. Analeta moyo wa mnyama. Malkia anagundua, na badala ya moyo wa binti anachukua wa mwindaji mwenyewe. Akiuminya tu, kijana anaanguka. Kisha ndiyo ile amri ya chumbani.

Binamu alipiga kofi moja kubwa. "Huyo kaolewa huyo!"

Sebule ikapasuka. Shangazi, anayetazama huku anachambua mchele, akasema kalishwa limbwata, hatoki tena kwa huyo mwanamke mpaka kaburini. Na mimi, ambaye nilikuwa na umri wa kutosha kujua ninachosema, nikawageukia wavulana pale mkekani nikasema, "Hawa wote wanatamani wangefungwa gereza hilo."

Walicheka zaidi. Nilijisikia mjanja sana.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 13. Alikuwa amekaa karibu na mguu wa meza, na sikumbuki kama alicheka.

## Tulilia wapi

Nusu saa baadaye tulikuwa tunalia.

Katika mji wa Storybrooke, ule mji wa Maine ambako laana imewafungia watu wa hadithi bila kumbukumbu zao, mwindaji ndiye sherifu Graham. Anaishi kama kivuli. Usiku anaingia na kutoka kwa meya, Regina, ambaye ndiye malkia yule yule, na anamwambia Emma, naibu wake, kwamba kwa mwanamke yule hahisi kitu chochote. Mwisho wa sehemu anambusu Emma na kumbukumbu zote zinamrudia kwa mpigo. Anamshukuru. Huku chini ya kaburi la baba yake, Regina anautoa moyo kwenye kisanduku na kuuminya mpaka unakuwa vumbi. Graham anafia mikononi mwa Emma.

Shangazi aliacha mchele. "Loo, kijana wa watu!"

Nilimlilia Graham siku mbili, nikamlalamikia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Na kwa jinsi nilivyokuja kuona baadaye, karibu kila niliyezungumza naye aliyeitazama tamthilia ile alikuwa na kilio hicho hicho: wamemuua mapema mno, sehemu ya 7 tu, kijana mzuri vile, na ndiyo kwanza wamebusiana! Jamie Dornan, aliyeigiza, alirudishwa mara moja mwishoni mwa msimu, kwenye kumbukumbu za zamani, na sisi tukashangilia kama tumefufuliwa ndugu.

Lakini niangalie vizuri nilichokuwa nakililia.

Nililia kwa sababu ya busu lililokatizwa. Nililia kwa sababu Emma amebaki peke yake. Ile miaka yote ya chumbani, katika nchi ile ya hadithi na kisha miaka 28 ya laana, haikuwemo kwenye machozi yangu hata tone. Ile nilikuwa nimeshaichekea.

## Aliyeona ni bibi

Palikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka, na tukamcheka yeye pia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye mwimo wa mlango, anapunga upepo. Macho yake hayakuwa yanaona runinga vizuri. Alikuwa akimuuliza mmoja wetu, "Sasa anafanya nini huyo?" nasi tunamsimulia kwa mkato. Alipoambiwa kijana katolewa moyo, na sasa anakwenda anakoambiwa, hakumbuki kwao, hahisi kitu, usiku anaitwa anakwenda, bibi akasema, "Msukule huyo. Mwacheni."

Tukavunjika mbavu. Bibi na misukule yake!

Lakini nifikirie sasa alivyotumia lile neno. Kwetu mtu akisemwa kachukuliwa msukule, kwamba ndugu zake wamezika mgomba huku yeye analimishwa usiku shambani kwa mchawi, sijawahi kumsikia mtu akiuliza: mbona hakukataa? Mbona asikimbie? Alikuwa anapenda? Msukule haulizwi maswali hayo. Uamini au usiamini, neno lenyewe limeshahukumu nani mkosaji na nani aliyekosewa. Limbwata halihukumu hivyo. Limbwata linachekesha, na anayechekwa ni aliyelishwa.

Bibi hakuwa ameona uso wa Jamie Dornan. Labda ndiyo maana.

## Moyo wa punda

Nikiwa kwenye mawazo hayo ndipo nikakumbuka ile hadithi ya Kima na Papa, ambayo bibi huyo huyo alitusimulia mara zisizo na hesabu. Mnaikumbuka: Papa amembeba Kima mgongoni, katikati ya maji anamwambia sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema, ah, sisi mioyo yetu tunaitundika mtini, turudi nikauchukue. Akishapanda juu, hashuki. Papa akimwita, Kima anamjibu kwa hadithi nyingine: unanifanya mimi punda wa dobi, asiyekuwa na moyo wala masikio?

Kwa miaka yote nilidhani hadithi hiyo inahusu werevu. Sungura anampeleka punda kwa simba, simba anamrukia, punda anaponyoka na majeraha. Sungura anamfuata tena kwa maneno matamu, punda anarudi, safari hii hachomoki. Simba anataka moyo na masikio. Havipo. Sungura anamwambia, bwana, punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Na watoto tunacheka. Punda mjinga!

Ila vilikuwepo. Sungura ndiye aliyevila.

Nilikuwa nimesimama kituoni nasubiri daladala kitu hiki kiliponijia, nikaacha gari mbili zinipite. Yule aliyemla punda moyo ndiye aliyesimama juu ya mzoga na kutoa hukumu kwamba punda hakuzaliwa nao, na hukumu yake ndiyo iliyogeuka msemo. Sisi tunaurithi msemo wa mwizi, tunawafundishia watoto.

Graham kila usiku anapanda dirishani kwa Regina na kila usiku anarudi, na sebule nzima Ngamiani inamwona punda wa dobi. Wakati moyo wake tumeuona kwa macho yetu ukitiwa kisandukuni.

## Lugha haikunisaidia

Nilijaribu kumwandikia mdogo wangu ujumbe. Nikaandika, "Ile sehemu ya Graham, kwa kweli alibak..." nikafuta.

Kiswahili changu kilikataa. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, hivyo ndivyo kitenzi kilivyogawa dunia, na mwanaume akitiwa upande wa pili wa kitenzi ni kichekesho. "Kaolewa huyo" ni tusi linalotosha peke yake, halihitaji maelezo. Sasa kitenzi kile kingine, kizito zaidi, nacho kina pande zake mbili, na watu wengi ukiwaambia mwanaume amefanyiwa na mwanamke wanakuuliza kama ni utani. Au wanasema bahati iliyoje.

Si lugha tu. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama kilivyoandikwa upya na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinamtaja mwanaume kuwa mtendaji na msichana au mwanamke kuwa mtendewa. Wakenya katika sheria yao ya mwaka 2006 hawakumfunga mtendaji kwenye jinsia moja. Sitaki kujifanya wakili, na najua kwa nini sheria yetu iliandikwa vile: ilikuwa inawakinga waliokuwa wakiumizwa zaidi, na wanaumizwa mpaka leo. Nasema tu kwamba nilipotafuta neno la kumwekea Graham sikulipata nyumbani wala mahakamani.

Nilichomtumia hatimaye ni picha ya paka.

## Na malkia wangu je?

Hapa ndipo panaponiuma, na ningeweza kuparuka.

Mimi ni wa Regina. Kuna mashabiki wake duniani kote wanaojiita Evil Regals, na kama kungekuwa na tawi la Tabata ningekuwa katibu. Sehemu ya 18 ya msimu ule ule ndiyo iliyonichukua: Regina kijana, anampenda Daniel wa zizini, na mama yake, Cora, anamtoa Daniel moyo na kuuminya mbele ya macho yake. Vumbi. Kwa mkono ule ule, kwa namna ile ile ambayo Regina baadaye atamfanyia Graham. Niliiona sehemu ile nikasema basi, nimekusamehe yote. Lana Parrilla, anayemwigiza, ana namna ya kutetemesha mdomo wa juu kabla hajalia, na mimi nikiuona mdomo ule nasahau vijiji vyote alivyovichoma.

Misimu 7 nilimfuata. Alivyojifunza kuwa mama wa Henry, mtoto wake wa kulea aliyezaliwa na Emma. Alivyopigana na uchawi wake mwenyewe. Mwezi Mei 2018, kwenye sehemu ya mwisho kabisa, walipomvika taji na kumwita Malkia Mwema, nililia kuliko nilivyomlilia Graham.

Sasa najiuliza nilisamehe kwa niaba ya nani.

Najua majibu, nimeyasema mwenyewe kwenye mabishano. Ni hadithi ya watoto. Alimuua baba yake mzazi ili alete laana, mbona hilo halikusumbui, unang'ang'ania kitanda? Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba kweli, naona vibaya. Jibu la pili lilichukua wiki mbili kufika: kifo cha baba yake tamthilia ilikiita kwa jina. Ilimliza kwa ajili yake. Vijiji viliitwa kwa jina, waliobaki walisimama wakamshtaki. Kosa lililotajwa linaweza kutubiwa. La chumbani, mimi sikumbuki hata mara moja tamthilia ikisimama na kusema hiki kilikuwa nini. Nilimsamehe kosa ambalo hakuna aliyelitaja, maana yake sikusamehe. Nilipita tu.

Mwaka 2015, msimu wa 4, Zelena, dada yake Regina kwa mama, alijivika umbo la Marian, akaishi na Robin Hood kama mkewe, akashika mimba yake. Hapo watazamaji wengi walikasirika waziwazi, wakasema Robin hakukubali, alidanganywa. Nilikasirika nao. Na wapo waliokumbushia: je, Graham? Nakumbuka nilivyojibu moyoni, haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajaingia. Ah, ile ni tofauti.

Tofauti gani? Zelena simpendi.

Ndiyo hiyo. Nimeitafuta nyingine sijaiona.

## Mtu wa kupita

Kitu kimoja kuhusu mwindaji kabla sijaenda kwenye mwisho. Katika hadithi ya ndugu Grimm, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1812, anachodaiwa kuleta ni mapafu na ini, si moyo. Analeta ya nguruwe mwitu mdogo, malkia anayapikisha kwa chumvi na kuyala akidhani ni ya binti. Moyo kwenye kisanduku ni wa Disney, mwaka 1937. (Na katika chapa ile ya kwanza ya Grimm malkia ni mama mzazi, mama wa kambo aliletwa kwenye chapa ya mwaka 1819. Siku nyingine tutaongea juu ya hilo, nina mengi.)

Katika Grimm mwindaji hana jina. Anamwacha binti msituni, anapeleka nyama, basi, hadithi haimtafuti tena. Hakuna anayeuliza malkia alimfanya nini alipojua kadanganywa. Watunzi wa Once Upon a Time ndio niliowaona wakiuliza, wakampa jina, wakampa mbwamwitu mwenye jicho moja jekundu, wakampa sehemu nzima yake. Kisha swali walilolifungua wao wenyewe wakalizika naye.

Sijui niwashukuru au niwalaumu. Bila wao nisingekuwa na cha kukwama kooni.

## Koti

Mdogo wangu alikuja tena Jumapili iliyopita. Alileta machungwa. Tuliweka sehemu ya 8.

Graham amekwisha kuzikwa. Emma anagombea usherifu, na wote wanaizungumzia sehemu ile kwa ajili ya moto na hila za Gold, mwenye duka la rehani pale mjini. Sikukumbuka kwamba mwanzoni kuna Gold anakuja na vitu vya marehemu. Anamletea Emma koti la ngozi la Graham. Emma hataki. Anampa basi simu za upepo, mtoto wako atazipenda. Ndiyo mirathi ya mtu huyo, koti lililokataliwa na simu mbili za upepo.

Nilisimamisha picha. Nilikuwa nimejiandaa tangu Jumatano, nilikuwa na maneno mazuri kabisa, yenye utangulizi. Yote yakakimbia.

Nikamuuliza, "Siku ile kwa shangazi. Tulivyocheka. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Alimaliza kumenya chungwa lake kwanza. Alilimenya lote bila kukata ganda, kama alivyokuwa akifanya bibi.

"Nilikuwa nawaangalia nyinyi," akasema.

Nikangoja. Akanipa nusu ya chungwa.

"Rudisha nyuma kidogo, dada. Pale pa koti. Sikusikia alichosema."